Mninga, mtiki au mkaratusi: sakafu ya mbao kwa nyumba za huku Nyanda za Juu, na juu yake upake nini

Mdogo wangu anamalizia nyumba Njombe na juzi kanitumia picha tatu za mbao, moja ya kahawia inayovutia kwenye wekundu, moja rangi ya asali, ya tatu kama pinki iliyopauka, chini kaandika tu "kaka shikamoo, nichukue ipi?" Nikamwambia kwa picha siwezi kukujibu maana kwenye simu kila mbao inapendeza. Ila kwenye ukoo wetu sakafu za mbao tayari zipo tatu, kila moja mti wake na kila moja imepakwa kitu chake, basi ngoja nizieleze zote uchague mwenyewe, na mwingine anayejenga huku atafaidika.

Mi niko Mbeya, Isyesye, sebule na vyumba viwili nimeweka mninga. Kaka yetu mkubwa yuko Iringa pale Kihesa, yeye kaweka mkaratusi. Shangazi yuko Tukuyu na sakafu yake ni ya mtiki. Kati ya hizo tatu moja ilifanya vizuri tangu siku ya kwanza na mbili zilitutoa jasho, na cha ajabu sababu ya jasho haikuwa mti wenyewe.

Kuna watu wanauliza kwa nini uhangaike na mbao wakati taili zipo kila duka. Anayeuliza hivyo hajaamka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba akakanyaga taili peku, huku baridi ya Juni na Julai inapanda mpaka kwenye magoti. Mbao haikunyonyi joto la mguu haraka namna hiyo. Bas, hiyo ndo sababu yangu, urembo ulikuja baadaye.

Kwanza tuitoe paina njiani. Huku kwetu paina ndo ipo kila kona, shamba la Sao Hill kule Mufindi ni kubwa kuliko mashamba yote ya serikali ya kupanda miti na Mafinga pale barabarani mbao zimepangwa kama magunia ya viazi. Kwa kenchi na papi za paa haina mpinzani. Kwa sakafu ni laini, kandamiza kucha na kucha inaacha alama, sasa fikiria mguu wa kabati au kisigino cha mgeni wa harusi. Na zile zenye ukijani, mbao za dawa, usithubutu kuziweka ndani ukazipiga msasa, dawa inayotumika sana kwenye mbao na nguzo za ukijani ule ina shaba, kromu na aseniki, vumbi lake ni sumu na watoto wanatambaa humo humo.

Haya, mninga. Wa kwangu uliletwa kutoka upande wa Chunya, na pia unatoka Katavi na Tabora, ni mti wa pori la miombo, sio wa shambani. Uzuri wake mkubwa sio rangi japo rangi nayo ipo, uzuri wake ni kwamba ukishakauka umetulia, haucheki wala haununi, masika inakuja inapita mbao ziko pale pale. Unapigika randa vizuri, msumari unaingia bila kupasua. Ubaya ni mbili. Bei iko juu na inazidi kupanda kwa sababu mti wenyewe unachukua miaka mingi sana kukua na watu wameukata mno. Na pili, ukinunua lazima udai risiti na kibali cha kusafirishia kutoka TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, na uangalie alama yao ya nyundo kwenye mbao, usije ukanunua vya usiku afu gari likazuiwa kwenye geti la maliasili ukapoteza mzigo na hela. Kingine, angalia ule weupe wa pembeni. Kiini cha mninga wadudu hawakiwezi kirahisi lakini weupe wake wa nje wanaupenda kama karanga, utakuta vitundu vidogo na unga mweupe umemwagika chini. Muuzaji anachanganya, mbao nusu kiini nusu weupe, na anakwambia rangi itashika ukipaka vanishi. Haishiki, na hata ikishika mdudu hasomi rangi.

Mtiki, au msaji kama wazee wanavyouita, wa shangazi ulitoka Kilombero, kule kuna mashamba makubwa ya mtiki. Huu ni wa kupandwa kwa hiyo makaratasi yake hayana presha sana. Nao umetulia, karibu na mninga, na una mafuta yake ya asili ndo maana watu wa pwani wanaujengea mashua. Kwa Tukuyu ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na nguo zinakauka kwa siku tatu, shangazi alichagua vizuri. Ila yale mafuta yana kesi yake kwenye kupaka, nitarudi. Na mtiki wa kupunguzia shamba, ile miti midogo midogo inayotolewa ili mingine inenepe, una weupe mwingi kuliko kiini, kwa hiyo usisikie jina mtiki ukatoa hela, geuza mbao uangalie kichwa chake. Fundi atalalamika pia kwamba unamaliza makali ya msumeno na randa, ni kweli, una chembe kama za mchanga ndani yake, mwongezee hela ya kunoa yaishe.

Mkaratusi sasa. Huu ndo wa pinki kwenye picha ya mdogo wangu na ndo wa bei nafuu kuliko wenzake, Mufindi na Njombe umejaa, nguzo za umeme nyingi zinatoka huko. Kwa ugumu unatosha kabisa, sakafu ya kaka haina hata mkwaruzo wa maana na ana watoto wanne na baiskeli ndani. Tatizo lake ni hasira. Mti umesimama ukiwa na mvutano ndani yake, ukiupasua tu mbao zinaanza kupinda kama upinde na kupasuka vichwani, na unasinyaa sana unapokauka, sana kuliko mninga na mtiki. Msumari ukiupigilia bila kutoboa kwanza kwa drili unapasua mbao mpaka katikati. Sio mti mbaya, mi naona watu wanauonea. Unataka tu mtu mwenye subira, na kaka yetu subira haikuwepo siku zinagawiwa.

Mkongo na mvule nizitaje kwa haraka. Mkongo ni mgumu na mzito, umetulia kabisa, ila ukipata maji unaachia rangi ya njano, usiweke zulia jeupe juu yake kabla haujapakwa. Mvule ni mzuri, lakini ndani yake unakutana na vijiwe vinavyovunja meno ya msumeno na vumbi lake linawasha pua na ngozi. Ukipata ya bei nzuri chukua, ila kuzisaka kwa ajili ya nyumba nzima utachoka.

Sasa niseme kilichomkuta kaka maana hapa ndo penye somo lote. Alinunua mkaratusi mwezi wa pili, mvua za masika zinapiga, mbao zimetoka msumenoni hazina hata miezi miwili, zimefunikwa turubai nje ya karakana moja hivi, muuzaji akamwambia zimekauka, na kweli ukishika juu ni kavu. Mwezi wa tatu zikapigiliwa, zimebanana hata karatasi haipiti, tukapiga picha. Iringa ikifika Agosti mnajua ule upepo wake, ngozi inapauka midomo inapasuka, mbao nazo zikaanza kuachana, kufika Oktoba kati ya mbao na mbao kuna karibu milimita 3, sarafu ya mia inadumbukia imesimama. Usiku zilikuwa zinalia pa! pa! mpaka wageni wanashtuka. Aliyelaumiwa ni mkaratusi. Lakini ungeweka mninga mbichi namna ile nao ungeachana, labda nusu yake, lakini ungeachana.

Mbao inavuta na kutoa unyevu kufuatana na hewa ya mahali ilipo. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80 kama siku za masika, mbao inatulia kwenye unyevu wa asilimia 16 hivi, hewa ikishuka mpaka asilimia 50 kwenye kiangazi mbao nayo inashuka kwenye 9. Huo mteremko wa asilimia sita saba ndo unaofungua mianya. Chukua mtiki ambao ni mpole, ukishuka asilimia 6 mbao ya upana wa sentimita 9 inapungua kama milimita 1. Inaonekana kidogo, ila chumba cha mita 4 ukijumlisha zote ni sentimita 4 nzima. Urefu wake haubadiliki kitu cha maana, ni upana ndo unacheza. Kwa hiyo unachotaka ni kuzilaza mbao zikiwa kwenye unyevu wa katikati, 11 au 12 hivi, masika zivimbe kidogo kiangazi zisinyae kidogo, ngoma droo.

Unajuaje zimefika? Kuna kimita kidogo chenye sindano mbili, unachoma inasoma, karakana kubwa za Mafinga wanazo na zingine zina tanuri la kukaushia, mbao ya tanuri ukiipata lipia hiyo nyongeza bila kulialia. Kama huna kimita tumia mizani. Kata kipande kutoka katikati ya mbao, sio kichwani maana kichwa kinakauka mapema, kipime kila wiki siku ile ile, uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu nne hapo imelingana na hewa ya nyumba yako. Kienyeji watu wanasema inchi moja ya unene mwaka mmoja wa kukauka kivulini, imepangwa na vijiti katikati upepo upite. Na hata zikiwa kavu zilete ndani zikae wiki mbili kwenye chumba chenyewe, madirisha yakiwa na vioo tayari, kabla fundi hajagusa nyundo. Wa kwangu niliuacha miezi mitatu sebuleni kwa sababu hela ya fundi ilikuwa imeisha, watu wakaniona mwerevu.

Na jamvi, lile zege la chini ya sakafu, nalo likauke. Zege jipya linatoa maji miezi kadhaa, lifunike kwa nailoni kipande cha kama sentimita 60 kwa 60, zungushia selotepu pembeni zote, kesho yake au keshokutwa fungua, ukikuta matone au zege limekuwa jeusi subiri. Chini ya jamvi nailoni nyeusi iwepo, na ukutani acha mwanya wa milimita 10 mpaka 15 pande zote, skating, ule ubao wa chini ya ukuta, itauficha. Chumba cha mita 4 kwa 5 ukiweka mbao zinazobaki na upana wa sentimita 8.5 baada ya randa, unahitaji kama futi 770, ongeza asilimia 10 ya kukata na kutupa uwe kwenye 850, yaani mbao 71 za futi 12.

Tuje kwenye kupaka, na hapa aliyekosea ni mimi. Mbao zangu zilikuwa safi kabisa, nikampa kazi fundi wa fenicha kwa sababu makochi yake yanang'aa. Akafanya alichozoea, sanding sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao, mara mbili, msasa, laka juu, siku moja kamaliza, sakafu inawaka kama kioo nikamwongezea na elfu kumi ya soda. Baada ya mwaka pale mlangoni na mbele ya kochi ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Laka ya fenicha inakauka haraka na inang'aa lakini haijatengenezwa kukanyagwa, na ile sanding sila chini yake ni laini, hata ukipaka vanishi ngumu juu ni kama kujenga ghorofa kwenye mchanga. Ilibidi kukwangua yote, msasa namba 40, kisha 60, 80, tukamalizia na 120, vumbi lilitoka kwenye kila kikombe wiki nzima.

Mara ya pili nikapaka vanishi ya poliyurethani ya mafuta. Mkono wa kwanza tumeuchanganya na waiti spiriti kama asilimia 10 ili inywe ndani, halafu mikono miwili mizito, katikati msasa laini wa 220 na kufuta vumbi. Kila mkono unangoja siku nzima na mwezi wa sita hata siku mbili, joto likishuka chini ya nyuzi 10 usipake kabisa, haikauki inabaki inanata na vumbi linakaa humo milele. Inanuka, lala kwa ndugu. Inafanya mbao iwe na rangi ya asali iliyokolea na kwa mninga hiyo ni sherehe. Chumba cha mita 20 za mraba kwa mikono mitatu ni kama lita 6. Kutembea na soksi kesho yake sawa, ila zulia subiri mwezi.

Vanishi ya maji inakauka kwa saa mbili mpaka nne, unaweza kupaka mikono miwili kwa siku, hainuki sana, na haibadilishi rangi, mkaratusi wa kaka umebaki na upinki wake. Kwa mninga mi naona inaufanya uonekane mgonjwa, lakini hayo ni macho yangu. Inainua nyuzi za mbao mkono wa kwanza, usishtuke ukiona imekuwa na vinyweleo, msasa kidogo inalala. Kaka alipozibomoa zile mbao, akazipiga randa upya akazibana tena mwaka uliofuata kiangazi zikiwa zimekauka kweli, akapaka hii, na mpaka leo iko fresh. Kuna na ile ya makopo mawili unayochanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ngumu kuliko zote, nzuri kwa duka au ukumbi, ila moshi wake ni mbaya kwa mapafu unataka maski ya kweli sio kitambaa, na ukiishachanganya lazima uimalize. Kwa nyumbani sioni sababu.

Shangazi yeye alikataa vanishi zote. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, vua viatu." Hivyo ndo unapokelewa. Alikulia Mufindi, mama yake alikuwa anafanya usafi nyumba za wenye mashamba ya chai, na anakumbuka harufu ya nta kwenye sakafu za mbao, kwa hiyo akapaka mafuta ya linsidi, ya mbegu za kitani, yale ya kopo yaliyoandikwa yamechemshwa, mikono mitatu myembamba, unapaka unasubiri robo saa unafuta yote yaliyobaki juu, halafu nta. Haing'ai kama kioo, inang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Na kwa sababu mtiki una mafuta yake, kabla ya chochote fundi aliifuta yote kwa tina na kitambaa kisafi, akapaka muda si mrefu baada ya hapo, usipofanya hivyo hata vanishi inakataa kushika. Halafu jamani vile vitambaa vya linsidi msivikunje mkavitupa kwenye ndoo, vinapata moto vyenyewe vinawaka, vitandaze nje kimoja kimoja au vilowekwe kwenye maji.

Tofauti kubwa iko kwenye kuchakaa. Sakafu yangu ikichubuka siwezi kupaka kiraka, kitaonekana kama kaptula iliyoshonwa tako, itabidi chumba kizima kipigwe msasa na kupakwa upya. Shangazi mgeni akimwaga chai alama ikabaki anachukua msasa mdogo na tone la mafuta, dakika kumi hamna kitu. Lakini ye anapaka nta kila baada ya miezi michache na mi sijagusa yangu tangu nipake upya 2020. Kwa hiyo swali la vanishi au mafuta ni swali la nani anakaa na hiyo nyumba. Una mtu wa kuipenda sakafu, mafuta. Nyumba ya watu wenye pilikapilika au ya kupangisha, vanishi.

Zote tatu zina adui mmoja, kudeki. Kwetu usafi ni ndoo ya maji imwagwe, dekio lipite, maji yasukumwe nje mlangoni. Mbao haitaki hivyo hata kidogo, maji yanaingia kwenye viungo mbao zinavimba kingo zinainuka. Fagio laini, kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakitoi tone, basi. Dada wa kazi wa kwanza tulibishana wiki mbili, alikuwa anaona nyumba haijawa safi kama hajaona maji. Na weka kapeti la kujipangusia nje na ndani ya mlango, mchanga wa miguuni ni msasa namba 80 unaotembea.

Jikoni na bafuni usiweke, weka taili, hili sina mjadala.

Kwa mdogo wangu basi jibu langu lilikuwa hivi: Njombe ni baridi na kuna ukungu, hela yako ni ya kubana, na huhamii mpaka mwakani. Muda unao kuliko hela. Chukua mkaratusi, chagua mbao nyembamba za inchi 4 badala ya 6 maana nyembamba zinaachana kidogo kidogo, agiza futi nyingi kidogo kwa sababu zingine zitapinda utazitupa, zipange ndani na vijiti uzikandamize kwa matofali. Angekuwa anahamia mwezi ujao ningemwambia auze hata pikipiki achukue mninga wa tanuri.

Amenisikia. Zimepangwa sebuleni kwake tangu mwezi wa tano na kila Jumapili akitoka kanisani anapita na kipande kwenye mizani ya duka la jirani, mwenye duka anamcheka anamuuliza leo mbao kilo bei gani. Kilianza gramu 840. Jumapili mbili zilizopita kilikuwa 655, ya juzi 651. Fundi kampigia anataka kuanza Jumatatu, nimemwambia amwambie bado.